Mvua ya Voi Haifuati Kengele ya Shule

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Mkazi yeyote wa Voi ajua kwamba ifikapo mwisho wa Oktoba mawingu huanza kukusanyika juu ya vilima vya Sagalla na Kasigau, na joto la mchana hugeuka kuwa la kunata. Ni vuli hiyo, yabisha hodi. Lakini wakati uo huo wanafunzi wamekwisha kufunga virago, na isipokuwa watahiniwa, shule za nchi nzima zaingia katika likizo ndefu isiyokwisha hadi mapema Januari. Mvua yaja, shule yaondoka. Hilo ndilo ninalotaka kuwauliza walimu wenzangu leo: je, bustani zetu za shule twazilima kwa ajili ya nani, na kwa majira ya wapi?

Nilifundisha kwa miaka kadhaa katika shule moja ya msingi isiyo mbali na barabara kuu ya Mombasa. Kila Januari tulikuwa na desturi ya kuanza mwaka kwa bidii. Tulichimba matuta, tukanunua miche ya sukuma wiki, na watoto wakaja na maji kutoka kwao katika madumu ya lita tano. Februari ilipokaribia kwisha, jua la kaskazi lilikuwa limeteketeza kila kitu, na matuta yale yakageuka kuwa mahali pa kuku wa jirani kuoga vumbi. Mwaka mmoja msichana wa darasa la sita aliniuliza kama ardhi ya Voi imelaaniwa. Nilimjibu kwamba haijalaaniwa. Sikuwa na ushahidi wa kumwonyesha, kwa sababu kila alichokipanda chini ya uongozi wangu kilikuwa kimekauka.

Swali lile halijanitoka hadi leo. Tulikuwa tumemfundisha mtoto yule kushindwa, tena kwa vitendo.

Hebu tuitazame kalenda. Voi hupata mvua ya wastani wa takribani milimita 550 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo huja Novemba na Desemba. Masika ya Machi hadi Mei ni ya kubahatisha katika nyanda hizi. Mara huja ikaondoka kabla ya mahindi kutoa maua. Na hata hayo masika, likizo ya Aprili huangukia katikati yake. Kuanzia Juni hadi Septemba ni ukavu wa kusi, na Januari na Februari ni kiangazi kikali. Kwa hivyo muhula wa kwanza waanza katika kiangazi, muhula wa pili karibu wote ni ukavu, na wa tatu wafungwa mvua inapopiga hodi. Mtu angeketi kupanga namna ya kuifanya bustani ya shule isifaulu kamwe katika Voi, asingepata mpango ulio bora kuliko huu.

Sisemi kwamba Wizara ya Elimu ibadilishe mihula kwa ajili yetu. Nchi ni kubwa na kila eneo lina mvua yake. Hata hapa kaunti, mwalimu wa Wundanyi, aliye juu kwenye baridi ya milima, ana mvua na chemchemi ambazo mwenzake wa Voi huziona kwa macho tu, kileleni mwa Vuria panapofunikwa na ukungu. Ninachosema ni kwamba ratiba ya somo la kilimo yaweza kupinduliwa na mwalimu mwenyewe bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Wazee wa Kitaita walilijua jambo hili. Jamaa moja ilikuwa na kishamba mlimani na kingine nyikani, ili mvua ikikosa hapa, ipatikane pale. Walichimba mifereji ya kuteremsha maji mashambani kabla ya mkoloni kufika na vitabu vyake. Hawakuipangia mvua saa, waliifuata.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, nayo ianze katika juma la kwanza la muhula wa tatu, mwishoni mwa Agosti. Muhula huo una majuma yapatayo tisa, na majuma tisa ndiyo muda unaotosha kuivisha mboji. Darasa likusanye nyasi kavu, majani mabichi, samadi ya mbuzi, ambayo Voi haikosekani, na jivu kidogo la jikoni. Vipangwe tabaka juu ya tabaka katika kivuli, vinyunyiziwe maji mpaka viwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa, kisha vifunikwe. Fimbo ndefu ichomekwe katikati ya rundo. Baada ya siku chache mwanafunzi aichomoe na kuishika: ikiwa ya moto, viumbe wadogo wamo kazini, ikiwa kavu na baridi, maji yamepungua. Rundo ligeuzwe kila baada ya majuma mawili au matatu. Katika kazi hiyo moja mna sayansi, mna hisabati ya vipimo, na mna insha ya Kiswahili kwa mwalimu mwenye macho. Oktoba ikimalizika, mboji iko tayari, nyeusi na yenye harufu ya msitu.

Septemba na Oktoba vitalu navyo viandaliwe. Hapa nina ugomvi mdogo na picha tulizozizoea vitabuni. Zaonyesha tuta lililoinuliwa, kwa maana zimechorwa kwa kufikiria nchi ya mvua nyingi, ambako adui ni maji yanayotuama. Voi adui ni jua. Kitalu chetu chafaa kichimbwe kiwe chini kuliko ardhi inayokizunguka, ili kila tone liingie na kubaki, kisha kitandazwe nyasi juu. Nilifundisha tuta la kitabuni kwa miaka mingi kabla ya kulitambua hilo, nami naona haya kulisema.

Siku ya kufunga shule, kila mwanafunzi aende nyumbani na mfuko wa mboji na mbegu za kunde, mchicha na mnavu. Mchicha na majani ya kunde huchumwa baada ya majuma matatu au manne tangu kupandwa. Likizo haijafika nusu, jamaa imekula. Januari mwalimu asiulize picha ya mradi, bali aulize: ulipanda lini, mvua ya kwanza ilinyesha siku gani, mlichuma mara ngapi? Na mbegu ziko wapi? Maana asiyeweka mbegu atarudi dukani.

Yamkini mzazi wa Mwakingali au Sofia, anayeishi katika chumba cha kupanga na kununua maji kwa mtungi, atauliza shamba atalitoa wapi. Gunia moja la mchanga uliochanganywa na mboji laweza kuchukua miche ipatayo thelathini, nalo hunyweshwa maji yaliyooshea mchele na mboga. Wadudu wanaofyonza utomvu wa sukuma wiki wakati wa ukavu hupunguzwa kwa jivu, au kwa maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini, mti uliojaa mjini. Tena bustani iliyo karibu na mlango ina faida nyingine kwetu sisi majirani wa Tsavo: ni rahisi kuilinda. Shamba la mbali ni karamu ya ndovu, kama wajuavyo watu wa Sagalla, ambao wamefikia hatua ya kuweka ua wa mizinga ya nyuki kuwazuia.

Sitadai kwamba vuli haikosi. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ilituangusha, na mwishoni mwa 2023 El Niño ikaleta mafuriko. Lakini aliyekuwa na mboji na gunia mlangoni alipata angalau mboga za chungu kimoja.

Kumekuwa na jitihada. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulifundisha kilimo katika shule za msingi. Vyama vya 4-K vilifufuliwa 2021. Mtaala wa umilisi nao wahimiza mtoto atende. Jitihada zote hizo zimekuja na jembe, ila hazikuja na kalenda ya Voi.

Limebaki jambo moja la bodi za shule. Desemba yote maji ya mvua humwagika kutoka kwenye mapaa ya madarasa yetu, na matangi yaliyopo hufungwa kwa kufuli huku ufunguo ukiwa kwa mtu aliyesafiri. Naomba safari hii, kabla ya kengele ya mwisho ya Oktoba, ufunguo huo uachiwe mtu anayeishi karibu.