Mkono Mtupu Haulambwi

Wanachuo wenzangu wa elimu, nawauliza: hivi mbwa wa kwenu anajua amri ngapi? Usiniambie kubweka, huko hakufundishwi. Naulizia kukaa akiambiwa akae, kusubiri sahani iwekwe chini, kubaki kwenye mkeka wake mgeni akibisha hodi. Nyumba nyingi mtaani kwetu amri ni moja tu, "toka!", tena inasindikizwa na jiwe.

Halafu tunasema mbwa mkaidi. Mimi nasema mbwa hajafundishwa, amepigwa tu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi tunaosomea ualimu tungepaswa kuwa wa kwanza kuyatenganisha.

Likizo iliyopita nilimfundisha Bobi, mbwa wetu wa kawaida kabisa, kwa dagaa wakavu. Njia yenyewe rahisi. Unashika dagaa mbele ya pua yake, unampandisha taratibu juu ya kichwa. Pua ikifuata juu, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, unasema "safi!" na kumpa. Papo hapo, maana ukichelewa atakuwa ameshainuka, na wewe utakuwa umemlipa kwa kuinuka. Akishauelewa mkono, ndipo unaongeza neno "kaa". Dakika tano asubuhi, tano jioni, basi. Siku ya nne alikuwa anakaa kwa neno tu. Wiki ya pili alikuwa anatoa mguu wa salamu, na watoto wa jirani wakawa wanapanga foleni kusalimiwa.

Kazi kubwa ilikuwa familia. Mama anasema "keti", mdogo wangu "kaa", baba "tulia wewe!". Mbwa hajui visawe. Anajua sauti moja inayoleta jambo moja. Tulipokubaliana neno moja, mambo yakanyooka.

Na adabu hizi si anasa. Jirani yetu ni Muislamu, na udenda wa mbwa ukigusa nguo yake hana budi kuisafisha kabla ya kuswali. Bobi akimrukia, kwake ni furaha, kwa mama wa watu ni usumbufu. Dawa ilikuwa kila mtu wa nyumbani ampe mgongo akiruka, na amsemeshe akitua miguu yote minne chini. Sasa jirani anapita uani bila kukusanya baibui. Mbwa anayepigwa kila siku, kinyume chake, huishi kwa hofu, na mbwa mwenye hofu ndiye humng'ata mtoto. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, lakini haizuii meno.

Najua mtakalosema: mbwa wa ulinzi akibembelezwa atalegea. Haya, twendeni Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akinusa sawasawa anasikia mlio mdogo, kisha anapewa chakula. Mmoja wao, Magawa, alifunzwa hapa kwetu, akaenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kazi ya kutafuta mabomu, jamani, na imefundishwa kwa ndizi, si kwa fimbo.

Wengine watasema mnyama atatii kwa sababu ya chakula tu. Mwanzoni, ndiyo. Akishajua, unampa mara moja moja, na sifa inatosha. Bobi siku hizi anakaa kwa "safi" na kukunwa sikio.

Haya yote tumeyasoma kwenye saikolojia ya elimu. Thorndike aliandika habari za paka wake mwaka 1898, na miaka ya 1930 yeye mwenyewe akasema adhabu haifuti tabia kwa nguvu ileile ambayo tuzo huijenga. Tunamwandika kwenye mtihani, tunapata alama, kisha tunakwenda mazoezi ya kufundisha na kitu cha kwanza tunachotafuta ni fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu kanuni bado zinaviruhusu, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa.

Mtoto si mbwa, sawa. Ana akili zaidi, unaweza kumweleza na yeye akakuuliza. Sasa kama mbwa, asiyeelewa maelezo, anafundishika bila kipigo, mwalimu mwenye shahada atajitetea vipi?

Kabla hujaenda mazoezini, chukua wiki mbili na mbwa wa nyumbani au wa jirani. Utajifunza kusubiri, kuona jema dogo na kulisifu kwa wakati. Ukishindwa kumkalisha mbwa bila fimbo, jiulize darasa la watoto themanini utalishika kwa nini.