Tusimpime Kiungo kwa Mechi Moja

Kila mwaka, baridi ya Juni inapoushika mji wetu wa Moshi na Mlima kujifunika mawingu kutwa nzima, huja siku za kuchagua timu za UMISSETA. Shule hutoa wachezaji wake kwa kata, kata kwa wilaya, na wilaya kwa mkoa. Mkoa wetu wa Kilimanjaro una halmashauri saba, nao hukusanya vijana kutoka Same, Mwanga, Rombo, Hai, Siha, Moshi Vijijini na hapa mjini, ili wapatikane wachache wa kwenda kwenye mashindano ya taifa. Waliobaki hurudi darasani. Mimi sina ugomvi na utaratibu huo, maana haiwezekani wote waende. Neno langu ni juu ya namna tunavyowapima vijana hao, na hasa tunavyompima yule mmoja ambaye timu nzima hucheza kwa akili yake, yaani kiungo mchezeshaji.

Nasema kwamba kiungo hajulikani kwa mechi moja au mbili za mashindano. Na kwa kuwa sisi humchagua kwa mechi hizo tu, twawaacha nyuma wengi wanaofaa, na wengine twawatwisha mzigo usio wao.

Fowadi ni rahisi kumpima. Amefunga au hakufunga. Golikipa naye makosa yake huonekana hata na mama anayeuza maandazi nje ya uwa. Lakini kazi ya kiungo aghalabu haionekani kwa macho. Mtazame kabla hajapewa mpira: amegeuza shingo kuangalia nyuma yake, au amesimama kama mtu anayengoja basi? Ampapo winga mpira, je, anampa mguuni wakati beki amekwisha kumfikia, au anampa mbele kidogo ili akimbie nao? Timu yake ikifungwa bao, yeye huanza kupiga mipira mirefu kwa hasira, au huutuliza mchezo wenzake wakapumua? Mambo haya hutokea mara chache katika mechi moja, na siku nyingine hayatokei kabisa, kwa sababu wapinzani ni dhaifu au kiwanja ni kibovu.

Hebu tutoke kidogo nje ya nchi yetu, kwa maana shida hii imewashinda hata wenye fedha nyingi kuliko sisi. Wamarekani wanao mpira wao ambao huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu (kwa nini basi wauite mpira wa miguu, sijapata mtu wa kunieleza nikaridhika). Katika mchezo huo yupo mtu aitwaye kwotabeki. Karibu kila mara timu yake inapoanza kushambulia, mpira hupita mikononi mwake kwanza. Hutazama wenzake wanakimbilia wapi, na kwa muda wa sekunde mbili tatu, huku majitu ya upande wa pili yakimjia kumwangusha, huamua ampe nani. Huyo ndiye kiungo wao. Vijana hujifunza kazi hiyo katika timu za vyuo vikuu. Kila mwisho wa msimu, mwezi wa Desemba na Januari, vyuo vilivyofanya vizuri hualikwa kwenye mechi kubwa zenye jina la bakuli, kwa ajili ya umbo la viwanja vyao vya zamani, na watu nchi nzima hukaa kutazama. Kisha mwezi wa Aprili timu za ligi yao ya kulipwa, NFL, huchagua vijana mmoja mmoja kwa zamu, na kwa kawaida timu iliyofanya vibaya kuliko zote hupewa nafasi ya kwanza.

Basi mwezi wa Januari mwaka wa 2007, kijana JaMarcus Russell wa chuo kikuu cha jimbo la Louisiana aliiongoza timu yake kuipiga Notre Dame 41 kwa 14 katika mechi ya Sugar Bowl. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2 na mkono wenye nguvu za ajabu. Aprili ya mwaka ule ule timu ya Oakland Raiders ilimchagua wa kwanza kabla ya vijana wote wa nchi. Mwaka wa 2010 ilimwacha, wala hakucheza tena katika ligi ile.

Sasa mtazame mwenzake. Tom Brady wa chuo kikuu cha Michigan alicheza Orange Bowl tarehe 1 Januari 2000. Timu yake ilitangulia kufungwa, akairudisha mchezoni, na wakaishinda Alabama 35 kwa 34 katika muda wa nyongeza. Lakini wapimaji walipomkimbiza waliona ana miguu mizito, na walipomtazama mwili wakaona mwembamba. Vijana 198 waliitwa kabla yake, na sita kati ya hao walikuwa makwotabeki kama yeye. Huyo aliyeachwa akatwaa ubingwa wa ligi ile mara 7, na hakuna mchezaji mwingine aliyepata kuufikisha mara nyingi hivyo.

Angalieni jambo hili. Mechi moja ilisaidia kumpandisha asiyedumu. Mechi nyingine haikumfaa kitu aliyedumu, kwa sababu macho ya wapimaji yalikuwa yamekwisha kuamua kwa kimo na mbio. Na watu hao wanazo picha za mechi zote za kijana kwa miaka mitatu au minne, wanaweza kuzirudia usiku kucha. Sisi tuna nini? Tuna alasiri moja, filimbi, na mwalimu mmoja aliyesimama pembeni na karatasi mkononi.

Na viwanja vyetu navyo vina maneno yao. Huko juu Kibosho, Marangu au Rombo, kupata kiwanja cha sawasawa ni bahati. Kijana aliyekulia penye mteremko hupenda pasi fupi za chini, maana mpira mrefu wa kuteremka huishia katika migomba ya watu, na mchezo husimama mpaka mwenye shamba aombwe radhi. Mlete kijana huyo katika Uwanja wa Ushirika, ambao Polisi Tanzania waliutumia kwa mechi za nyumbani walipokuwa Ligi Kuu kati ya mwaka wa 2019 na 2023. Hapo ataonekana mwoga asiyejua kufungua mchezo. Si mwoga. Hajapata kuona nafasi kubwa namna ile, na wiki tatu zingemtosha kujifunza.

Sisi wa Majengo tuna ugonjwa wa namna nyingine. Tumefundishwa na chandimu katika vichochoro, ambako goli ni mawe mawili na sifa ni ya aliyepiga tobo. Mtoto wa Majengo atakupiga chenga ndani ya sufuria. Lakini pasi yake huja imechelewa, kwa kuwa lazima kwanza ukuta wa watazamaji useme “aaah!” Nasema haya bila chuki, maana mimi mwenyewe ni mtoto wa hapa hapa. Siku ya uchaguzi kijana wa namna hii hung’aa sana. Watu hupiga makofi, na mwenye karatasi husikia makofi hayo kama sisi sote tunavyoyasikia.

Yupo kijana mmoja ninayemjua, wala sitamtaja jina wala shule. Alikuja kwenye mechi ya uchaguzi akiwa ametoka karibu kilomita 100 asubuhi ile ile kwa basi, hajala kitu ila chai. Yeye ni kiungo. Akapangwa winga kwa kuwa nafasi ya kiungo ilikuwa na mwenyewe, akacheza dakika 25, akatolewa. Kwenye karatasi iliandikwa neno moja: “Mzito.” Mwaka mzima wa mechi za shule yake uliishia katika neno hilo.

Tena kuna jambo la umri. Mwenye mwili mkubwa hupendeza macho ya mpimaji, na pengine mwili ni mkubwa kwa sababu miaka yake imezidi. Nchi yetu yaijua habari hii kwa pande zote mbili. Mwaka wa 2005 vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, waliondolewa katika mashindano ya Afrika kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka wa 2017 Kongo ya Brazzaville iliondolewa kwa kutompeleka mchezaji wake mmoja akapimwe umri, na Serengeti Boys wakaenda Gabon badala yao. Huko walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2 kwa 1, wakafungwa na Niger bao 1, na bao hilo likawarudisha nyumbani.

Miaka miwili baadaye mashindano hayo yalikuja Dar es Salaam. Vijana wetu walifungwa mechi zote tatu: Nigeria 5 kwa 4, Uganda 3 kwa 0, Angola 4 kwa 2. Wengi walisema kwamba kizazi kile hakina kitu. Lakini katika timu ile alikuwamo Kelvin John, ambaye mwaka wa 2021 alijiunga na Genk ya Ubelgiji. Kama angepimwa kwa wiki ile moja ya Dar es Salaam, angeandikwa nini?

Najua wapo watakaonijibu kwa jina la Mbwana Samatta. Watasema kwamba mwaka wa 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa, na mwaka ule ule Mazembe wakamchukua. Je, si mechi mbili tu? Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Lakini kwanza Samatta ni fowadi, na nimekwisha kusema kwamba fowadi hupimika upesi. Pili, mechi zile zilikuwa nyumbani na ugenini, dhidi ya wale wale waliotaka kumnunua, kwa hiyo mabeki wao waliweza kueleza aliwasumbua vipi. Tatu, alikaa Lubumbashi mpaka Januari 2016, alipotangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo akaenda Ubelgiji. Mechi zile mbili zilimfungulia mlango tu. Kazi ya kumpima na kumkuza ilichukua karibu miaka mitano.

Basi nashauri nini? Kila shule iwe na daftari la wachezaji, kuanzia Januari shule zinapofunguliwa. Mabao yasiwe ndiyo habari kubwa humo. Kwa kiungo iandikwe mipira mingapi aliitoa mbele ikafika, na mingapi ilipotea. Akiupoteza, alikimbia kuutafuta au alishika kiuno. Alichezaje dakika 15 za mwisho. Alichezaje timu ilipokuwa nyuma, na alichezaje ugenini. Baada ya kila mechi, kapteni wa timu ya upande wa pili aulizwe swali moja tu, “Nani aliwasumbua kuliko wote?”, na jibu liandikwe pale pale, mwalimu wake atie sahihi. Anayesema kweli juu ya mchezaji ni yule aliyechoka kumkimbiza. Siku ya uchaguzi ikifika, wapimaji wasome daftari kwanza, ndipo watazame mechi.

Itasemekana walimu wa michezo wana kazi nyingi. Ni kweli. Wengi wao hufundisha vipindi asubuhi na kushika filimbi jioni. Lakini daftari laweza kushikwa na mwanafunzi, na kila bweni lina kijana asiyecheza ambaye hakosi mechi na hakosi maneno, apewe kalamu. Itasemekana tena kwamba kutakuwa na upendeleo. Upendeleo upo hata sasa, ila sasa hauachi maandishi.

Kwa wazazi wetu nina neno la pekee. Mtoto wa Kidato cha Nne anayesifiwa mwezi wa Juni ana mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Nimewaona wenzetu waliong’aa alasiri moja, wakaambiwa kwamba wao ni wa Ligi Kuu, na tangu siku hiyo vitabu havikufunguliwa tena. Wengine waliachwa alasiri moja, wakatupa daluga zao chini ya kitanda, na mpira wakauaga. Wote wawili wameamua jambo kubwa la maisha yao kwa dakika 90. Mzazi angekuwa na daftari la miezi mitano mbele yake, na kando yake ripoti ya darasani, angeweza kukaa na mwanawe wakazungumza kwa utulivu kama ni mpira, ni shule, au ni vyote viwili kwa kiasi.

Dada zetu wa netiboli nao wana mtu wao wa katikati, avaaye herufi C, naye hupimwa hivi hivi kwa haraka. Wakitaka, daftari lao lianze pamoja na letu.

La kwetu nimekwisha kulipiga mistari. Lina kurasa 80, na kila mchezaji ana kurasa mbili. Nimelikabidhi kwa kapteni wa michezo, na mechi ya kwanza itakayoandikwa humo ni ile ya mabweni ya Jumamosi ya kwanza tukifungua shule. Anatafutwa mwandishi mwenye saa ya mkono.