Kasoro Zako Waulize Wenzako

Hakuna kesi ambayo mwanadamu huiamua kwa upendeleo kama kesi yake mwenyewe. Jirani akichelewa kulipa deni, tunamwita dhalimu. Tukichelewa sisi, tunasema hali ni ngumu. Mtoto wa mwenzetu akimjibu mkubwa, hana adabu. Wa kwetu akijibu vivyo hivyo, amechangamka. Wahenga walikwisha kuliona hili waliposema kuwa mwamba ngozi huvutia kwake. Kwa hiyo nashikilia kwamba mtu hawezi kujijua akiwa peke yake. Atakaye kuijua nafsi yake hana budi kuwauliza wengine, kisha awe na kifua cha kulipokea jibu.

Wapo watakaonipinga kwa kuuliza, "Nani anijuaye kuliko mimi?" Hoja hiyo ina ukweli wake. Nia zako, hofu zako na siri za moyo wako ni wewe uzijuaye. Lakini sauti yako unapomgombeza mtoto huisikii kama aisikiavyo yeye. Uso unaowakunjia wa nyumbani mwako unaporudi kazini huuoni. Sehemu kubwa ya maisha yetu huonekana kwa macho ya wenzetu tu, na sehemu hiyo ndiyo inayowaumiza au kuwafariji.

Tumtazame Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, Uajemi. Mwaka 1091 alipewa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, akawa anafundisha wanafunzi wapatao 300. Sifa zake zilienea kote. Katikati ya sifa hizo aliichunguza nia yake, akaona kuwa kilichomsukuma kufundisha ni kupenda jina na cheo. Kwa karibu miezi sita alivutana na nafsi yake, hata ulimi ukawa mzito asiweze kusomesha, na chakula kikamshinda. Mwaka 1095 aliacha vyote, akashika njia ya Shamu (Syria).

Utasema kwamba yeye alijigundua bila kuambiwa na mtu. Ni kweli, na tazama gharama yake: afya ilivunjika, na kazi ikamtoka. Tena tazama alichowausia wengine. Katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, anapoeleza jinsi ya kuzijua aibu za nafsi anataja njia nne, na zote nne zinapita kwa watu wengine.

Njia ya kwanza ni mwalimu mwenye busara, anayeyajua maradhi ya moyo. Bahati hiyo si ya kila mtu. Njia ya pili ni rafiki mkweli. Hapo Ghazali anasimulia kuwa Khalifa Umar bin Khattab alikuwa akimwuliza Salman, sahaba mwenzake wa Mtume, ni jambo gani baya alilolisikia juu yake. Salman alisita, kisha akamwambia: nimesikia kwamba umekula vitoweo viwili katika mlo mmoja, na kwamba una nguo mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Umar hakununa wala hakujitetea. Aliuliza kama kuna jingine, akaahidi kuyaacha hayo mawili. Kama mtu wa daraja ile aliulizia kasoro ndogo namna hiyo, sisi tunaona haya ya nini?

Njia ya tatu ndiyo chungu kuliko zote: ulimi wa adui. Tunajua kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi, na mengi asemayo hasimu ni uzushi. Hata hivyo, jicho la chuki halilali. Rafiki mpole hukusitiri, adui hukufichua. Akikusema kumi, yapime yote kwa utulivu. Tisa yakiwa ya uongo, usilinyime lile moja la kweli shukrani yake kwa sababu tu limetoka katika kinywa usichokipenda.

Njia ya nne ni kuishi na watu. Kila ovu uliloliona kwa mwenzako, kabla ya kulisimulia kwa wengine, lirudishe kwako ujiulize kama humo ndani halimo.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu zama zetu zimezifunga njia hizi. Mwenye cheo huzungukwa na wapambe, ambao vijana huwaita chawa, kazi yao ni kusifu asubuhi na jioni. Asiye na cheo naye huweka picha mtandaoni, akahesabu waliompongeza, na aliyemkosoa humfungia mlango. Nyumbani baba hakosolewi, kazini mkubwa hakosolewi. Kisha tunashangaa ndoa zinavunjika, watoto wanatukimbia na ofisi zinaoza, ilhali kila mmoja wetu ni mwema machoni pake.

Kuishi vyema hakuanzi kwa kuwa mkamilifu. Hakuna mwanadamu wa hivyo. Kunaanza siku mtu anapoacha kuogopa ukweli juu yake. Aujuaye ukali wake hujizuia kabla hajaumiza. Aijuaye tamaa yake hukaa mbali na fedha ya amana. Asiyejijua huenda kokote nafsi impelekapo, na gharama huilipa pamoja na wote wamtegemeao.

Basi, msomaji wangu, mchague mtu mmoja anayekupenda na asiyekuogopa. Mwulize ni tabia yako gani inayomwumiza. Akijibu, nyamaza; usimkate maneno, usijitetee, wala usimhesabie makosa yake. Mshukuru, kisha anza kurekebisha hilo moja alilokutajia. Na wewe mwenye watu chini yako, iwe nyumbani au kazini, wape nafasi ya kukuambia kweli bila kuogopa adhabu. Asiyeambiwa kweli na walio karibu naye hawezi kujijua, na asiyejijua hawezi kuishi vyema na mtu yeyote.