Kufuli Si Hakimu

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kutoka Pumwani mpaka Kayole, kuna usemi ambao wapangaji wameuzoea: "Nyumba ni yangu; kama hutaki, hama." Usemi huu ni mfupi, na kwa ufupi wake wengi hushindwa kuujibu. Lakini ufupi wa neno si ukweli wake. Nataka tuupime pamoja, msomaji, maana yamkini wewe nawe walala katika chumba cha kupanga, au utalala siku moja, au utakuwa mwenye nyumba.

Kwanza tutazame jinsi jambo hili litendekavyo. Mtu hulipa kodi yake kila mwezi. Mwezi mmoja kazi hukosekana, na siku ya kulipa hupita. Jioni arudipo hukuta mlangoni kufuli asiyoijua, na vyombo, nguo na vitabu vya watoto vimefungiwa ndani. Pengine si kufuli: hukatiwa maji, au hukatiwa umeme, au mlango wenyewe hung'olewa. Hapana aliyesikiliza maneno yake, hapana karatasi iliyoandikwa, wala hapana siku iliyotajwa. Mdai amekuwa shahidi, hakimu na askari kwa wakati mmoja.

Watetezi wa kufuli husema ya kuwa mali ni ya mwenyewe, na mwenyewe hufanya atakalo. Hoja hii ina nusu ya kweli. Nyumba haioti kama uyoga. Mwenyewe ameijenga kwa jasho, na pengine kwa mkopo. Walakini mtu akikodisha kitu huwa amempa mwenziwe haki ya kukitumia. Mwenye baiskeli aliyeikodisha hana ruhusa ya kumwangusha mpandaji njiani kwa sababu baiskeli ni yake. Ikiwa hakulipwa, na adai kwa njia ya kudai. Asimsukume mtu shimoni.

Kenya ililitambua jambo hili zamani. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, sura ya 296, ilianza mwaka 1959. Iliweka baraza la kuamua magomvi ya kodi. Ilimkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri, na ilimtia hatiani yule amnyimaye mpangaji maji au taa ili kumchosha aondoke. Sheria hiyo ni njema, lakini itazame mipaka yake. Huwahusu wale tu ambao kodi yao ya kawaida haipiti shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo cha kodi hiyo ni ile iliyotozwa tarehe 1 Januari 1981. Zamani hizo shilingi 2,500 zilikuwa fedha nyingi. Siku hizi, katika Umoja au Pipeline, aghalabu hazitoshi kwa chumba kimoja ndani ya ghorofa. Bei zimekwenda, na sheria imesimama palepale, hata maskini iliyokusudiwa kuwalinda wamebaki nje ya ulinzi wake.

Wako watakaojibu ya kuwa kiwango hicho kikipandishwa, watu wataacha kujenga na vyumba vitapungua. Woga huu si wa kudharauliwa, kwani kodi iliyozuiwa isipande miaka mingi huweza kumvunja moyo mjenzi. Lakini tutenge mambo mawili: bei na utaratibu. Bei na ipande na kushuka kwa mapatano. Utaratibu wa kumtoa mtu katika nyumba hauna budi kuwa mmoja kwa wote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imekwisha kuonyesha njia. Mpangaji asiye na muda maalumu, naye hulipa kwa mwezi, hawezi kuachishwa nyumba bila taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Na yeye pia hana budi kutoa taarifa kama hiyo. Kinachokosekana ni baraza lililo karibu, la gharama ndogo, ambalo fukara wa Mathare na mwenye nyumba wake waweza kulifikia bila kuuza kitanda.

Sasa tulirudie lile neno "hama". Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma, likaua watu wapatao 50. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutangazwa kuwa halifai kukaliwa. Je, nani atathubutu kusema ya kuwa watu hukaa mahali pa namna hiyo kwa kupenda? Maskini hahami aendako moyo wake. Huhama uendako mfuko wake. Kumwambia "hama" mtu asiye na pa kuhamia si kumpa hiari.

Wala mpangaji asijione malaika. Yuko ahamaye usiku wa manane na kuacha nyuma deni la miezi mitatu. Wako wenye nyumba Dandora ambao asili yao ni watu wa kipato kidogo, waliopewa viwanja katika mradi wa miaka ya 1970, wakajenga chumba baada ya chumba. Kodi ndiyo chakula chao uzeeni. Dawa ya deni ni kulipa. Atorokaye humtafutia kufuli mpangaji ajaye baada yake.

Basi, kijana, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wewe unajua kusoma na kuandika. Utumie ujuzi huo nyumbani kwenu kabla ya kuutumia ofisini. Soma mapatano kabla mzazi wako hajatia sahihi. Andika tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Dai risiti, na kodi ikilipwa kwa simu, hifadhi ujumbe wake. Na utakapopata kura, waulize wanaoiomba kwa nini mpangaji wa leo apimwe kwa shilingi za mwaka 1981. Wakikujibu kwamba nyumba ni ya mwenyewe, waambie ya kuwa hilo hukulikana; ulilolikana ni kufuli kukaa mahali pa hakimu.