Elektroni Pia Yaelezeka kwa Kiswahili

Mara kwa mara nawasikia walimu wenzangu wakidai kwamba Kiswahili chafaa kwa mashairi na siasa, lakini kikifika kwenye fizikia hushikwa na kigugumizi. Mimi ni mwanaisimu, si mwanafizikia. Hata hivyo dai hilo nalipinga, tena kwa mfano mgumu, nisije nikadhaniwa kuwa nimejichagulia ulio rahisi.

Mwaka 1927, huko New York, Clinton Davisson na Lester Germer walielekeza elektroni kwenye fuwele ya nikeli. Hazikurudi ovyo kama changarawe zilizorushwa ukutani. Zilipoharakishwa kwa volti 54, nyingi zilikusanyika kwenye pembe ya digrii 50. Sababu ni kwamba elektroni ina tabia ya wimbi, kama alivyokwisha kudokeza Louis de Broglie mwaka 1924. Atomu za fuwele zimejipanga safu safu mithili ya punje kwenye gunzi la mahindi. Mawimbi yanayorudishwa na safu hizo hukutana: kwingine kilele huangukia kilele, wimbi likakua, kwingine kilele huangukia bonde, yakafutana. Kutokana na madoa yanayojitokeza, mtaalamu hukokotoa mpangilio wa atomu za usoni. Za usoni hasa, kwa kuwa elektroni za nishati ndogo hazipenyi zaidi ya tabaka chache.

Kisha kuna positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, aliyegunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932. Mnamo 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, waliitumia kuchunguza uso wa shaba. Kiini cha atomu huivuta elektroni lakini huisukuma positroni. Kwa hiyo positroni haikikaribii kiini, na hesabu za kufasiri madoa huwa nyepesi zaidi. Kasoro yake ni uadimu.

Je, msomaji, umekwama wapi?

Mimi nilikwama kwenye jina la tukio lenyewe. Ukiliita 'mtawanyo', unamwambia mwanafunzi kuwa elektroni zimesambaa ovyo, ilhali ajabu yenyewe ni kwamba zina utaratibu. 'Mpindo' ni afadhali kwa nuru ipitayo ukingoni, lakini hausemi lolote kuhusu mawimbi kukuzana na kufutana. Kwa maoni yangu tuseme 'difraksheni', bila haya, kama tulivyopokea 'hesabu' na 'dakika' kutoka kwa Waarabu. Jina na liazimwe; maelezo yawe yetu. Na si kila kitu cha kuazima: 'uso' wa mtu, wa maji na wa metali ni neno lile lile.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini sayansi katika shule zetu za upili bado hufundishwa kwa Kiingereza. Hasara yake si ya wanaisimu pekee. Gerhard Ertl alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2007 kwa utafiti wa nyuso kama hizi, ukiwemo uso wa chuma ambapo nitrojeni na hidrojeni huungana kuwa amonia, malighafi ya mbolea. Mwanafunzi wetu akiandika insha kuhusu mbolea, aghalabu huishia kwenye gunia. Mwalimu wa Kiswahili na yule wa kemia hunywa chai katika chumba kimoja. Kinachowazuia kuandaa somo moja pamoja muhula ujao ni nini?