Hodi ya Buziga



Barua ya juma hili imetoka mbali na bahari. Imeandikwa na mama aliyezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye sasa ni mwaka wa tisa anakaa Milimani, Kisumu, alikopelekwa mumewe na biashara. Binti yao ana miaka 19, yuko chuoni, na moyo wake umekwenda kwenye filamu. Si kuzitazama tu, bali kujifunza namna zinavyotengenezwa. Mwongozaji anayempenda kuliko wote ni Mira Nair. Amepata kujua kwamba mama huyo ana nyumba yake Kampala, katika mlima wa Buziga unaotazama ziwa lile lile analoliona yeye akiteremka kutoka kwao. Ameomba likizo hii aende huko kwa siku moja, aione nyumba, apige picha mbele ya lango, kisha arejee. Shangazi yake yuko Kampala, malazi si tabu. Baba amekataa, wala hakutoa sababu. Mama anauliza: amruhusu binti? Na baba mtu aambiwe nini?

Kwa kuwa likizo ilikuwa fupi, nilimjibu kwanza kwa faragha. Leo, kwa idhini yake, nayaleta hapa niliyomwandikia pamoja na yaliyofuata.

Kwanza huyo mwenye nyumba, kwani wapo watakaouliza binti wa Kiislamu ana nini na watu wa filamu. Mira Nair alizaliwa India mwaka 1957. Filamu iliyomtangaza, Salaam Bombay!, ya mwaka 1988, ilihusu watoto wanaolala mabarabarani. Ilipata tuzo katika tamasha la Cannes, na kutokana na kazi hiyo kukaundwa wakfu wa kuwatunza watoto wa namna hiyo, Salaam Baalak Trust, ambao ungalipo. Mwaka 2012 alitengeneza filamu kuhusu kijana wa Pakistani anayeishi Marekani na jinsi dunia ilivyomgeuka baada ya Septemba 2001. Mwaka 2016 akatengeneza Queen of Katwe, habari za msichana wa mtaa wa kimaskini wa Kampala aliyekuwa bingwa wa sataranji. Humo anaigiza Lupita Nyong'o, na mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa huyo ni binti wa nani. Mumewe Mira Nair ni Profesa Mahmood Mamdani, Mwislamu aliyelelewa Kampala, na mwana wao Zohran, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, alichaguliwa Novemba 2025 kuwa Meya wa New York, Mwislamu wa kwanza kukishika cheo hicho. Tangu hapo nimesikia wengi wakitamani kuiona nyumba ya Buziga kwa sababu ya mtoto. Huyu binti wa Milimani aliitamani kwa sababu ya mama, na hilo peke yake lilinifanya nimpende kabla sijamwona.

Lakini nyumba yenyewe ina habari, nayo ndiyo kiini cha jibu langu.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Mamdani alikuwa mmoja wa waliofukuzwa, na mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu safari yake kutoka uraia hadi ukimbizi. Mwaka 1989 Mira Nair alifika Uganda kumhoji mwandishi huyo, akitafuta habari za filamu aliyokuwa akiiandaa. Mahojiano yakazaa filamu na ndoa. Filamu ni Mississippi Masala, iliyotoka mwaka 1991. Ina mambo ya mapenzi ambayo sitamshauri mtu kuyatazama sebuleni akiwa na mkwewe, lakini nguzo yake ni mzee Jay, wakili wa Kampala aliyefukuzwa nyumbani kwake, akaishia Marekani katika chumba cha kupanga, miaka nenda miaka rudi akiandika barua kwa serikali ya Uganda arudishiwe nyumba yake. Mwisho anarudi. Anaikuta nyumba gofu, na rafiki aliyekuwa akimtafuta ameshakufa.

Nyumba iliyopigwa picha kuwa ya Jay ndiyo hiyo ya Buziga. Mira Nair na mumewe waliinunua wakaifanya maskani yao.

Basi nilimwandikia dada yangu huyu hivi. Binti yako anataka kusimama mbele ya lango ambalo ndani ya filamu ni lango la mtu aliyenyang'anywa haki ya kuamua nani apite na nani asipite. Hatua ya kwanza ya udhalimu katika habari ile si risasi. Ni wageni kuingia nyumba za watu pasi na hodi. Anayeipenda filamu ile kweli awe wa mwisho kulisogelea lango lile bila kukaribishwa.

Nasi tumefundishwa haya kabla ya filamu kubuniwa. Katika Suratun Nuur, aya ya 27 na ya 28, tunakatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa rudini, turudi, na huko kurudi ndiko kusafi zaidi kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ruhusa huombwa mara tatu, isipopatikana mtu huondoka. Na alipochunguliwa na mtu kwenye tundu la chumba chake alikasirika, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho. Zingatieni hapo. Haikusemwa ni kwa ajili ya miguu. Mtu anaweza kusimama barabarani, asivuke hata kizingiti, na jicho lake likawa limekwishaingia mpaka chumbani. Na simu hii tuliyonayo mkononi ni jicho lisilofumba, na likishaona, huonyesha maelfu.

Dada alinijibu kwamba Milimani wao wenyewe wanayajua. Nyumba za mtaa ule zimekaa ndani ya viwanja vikubwa vyenye miti, mgeni hukutana kwanza na askari wa lango na daftari lake, aandike jina, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia. Kwa mtu wa Mji wa Kale, anasema, mwanzoni ilimchoma. Kwao jirani hupiga hodi huku ameshafika ukumbini. Mimi namwambia asiyasahau madaka. Nyumba za kale za Lamu na Mombasa zilijengwa na daka mbele ya mlango, pana viti vya mawe kulia na kushoto. Mgeni wa kiume alikaa pale, akanywa kahawa, akamaliza shida zake, akaondoka asijue rangi ya pazia la ndani. Wala hakuona amedharauliwa. Kulikuwa na daka, na kulikuwa na ndani, na mwenye nyumba ndiye aliyejua wapi pa nani.

Mira Nair naye amejenga daka lake. Mwaka 2004 alianzisha huko Kampala taasisi iitwayo Maisha, inayowafundisha vijana wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda uandishi na utengenezaji wa filamu, kwa imani kwamba tusipozisimulia habari zetu wenyewe hatatokea wa kutusimulia. Ina bustani yake huko huko Buziga, imetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi na wageni. Aya ya 29 ya sura ile ile, inayofuata makatazo, inaondoa lawama kwa anayeingia majumba yasiyokaliwa na watu ambayo ndani yake mna manufaa yake. Sisemi kwamba binti aingie bustanini kama aingiaye sokoni. Aandike, aombe siku. Lakini huko ameitwa. Nyumbani hakuitwa.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa: mruhusu aende Kampala, asiende langoni. Kuhusu baba nilimwambia neno moja tu, kwamba mtu akikataa bila sababu mara nyingi sababu anayo kubwa, na aulizwe kwa upole baada ya Isha, mtoto asiwepo.

Akaulizwa. Shemeji yetu huyu ni wa jamaa ya Wakachi wa Mombasa, na mkewe kwa miaka yote ya ndoa alijua tu kwamba babake aliwahi kuwa na duka "bara". Usiku ule ndipo alipojua kwamba bara hiyo ilikuwa Jinja, duka lilikuwa la vitambaa, na mumewe alikuwa na miaka 6 siku walipopandishwa treni ya kwenda Mombasa. Njiani treni ilisimamishwa, askari wakapekua. Alichokikumbuka si fedha wala dhahabu. Alikumbuka mkono wa askari ukiingia ndani ya mfuko wa mamake, na mamake akitazama dirishani kana kwamba mfuko si wake. Sheria ya mwaka 1982 ilipowaruhusu waliofukuzwa kudai mali zao, mzee wao hakwenda kudai. Alisema duka lile limeshalisha wengine kwa miaka kumi.

Baba basi hakuwa na ugomvi na filamu. Alikuwa na ugomvi na barabara ya kwenda huko. Na kutoka Milimani hadi Jinja ni mwendo wa nusu siku. Kwa miaka tisa alikaa jirani na asiende.

Walikwenda wote watatu, kwa gari lake. Waliondoka baada ya Alfajiri, wakavuka mpaka Busia kwa vitambulisho vyao, wakapita miwa ya Kakira. Jinja aliegesha gari upande wa pili wa barabara kuu, akatazama yale maduka ya kale yenye majina na miaka juu ya vipaa vyake. Mkewe anasema hakuonyesha ni lipi, nao hawakumuuliza. Baada ya kitambo akavuka peke yake, akasimama nje ya duka moja linalouza simu, akabisha, ijapokuwa duka halibishwi hodi. Kijana aliyekuwamo akamwambia karibu mzee. Akanunua chaja. Akarudi garini, wakavuka daraja jipya la Naili, na mpaka msitu wa Mabira hakuna aliyesema neno.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya Buziga. Shangazi mtu aliwapeleka jioni, wakapanda mlima kwa barabara ya watu wote. Kijana wa bodaboda alipowaona na nambari za Kenya akawafuata, akajitolea kuwaonyesha nyumba ya Meya. Wengine, alisema, amewapeleka mpaka ukutani wakapiga picha. Binamu yake binti akafurahi, akatoa simu. Mama anaeleza kwamba yeye alinyamaza makusudi, na baba akanyamaza, wakangoja. Binti akamwambia kijana wa bodaboda asante, nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, bali atuonyeshe mahali pazuri pa kuliona ziwa. Binamu akanuna. Kijana naye akaona ajabu kidogo, lakini akawapeleka, akalipwa kama angewapeleka kule.

Hapo walikaa hadi jua likikaribia kuzama, wakala sambusa zilizotoka Milimani tangu jana yake, zimeshalainika. Chini waliona maji, visiwa, na ukungu upande wa Munyonyo. Binti alipiga picha moja tu, ya babake akiwa amelipa kamera kisogo. Kabla ya kuipiga, anasema mamake, alimwomba ruhusa.

Barua ya maombi kwa taasisi ya Maisha ameshaiandika na nimeisoma. Nilimsahihishia herufi mbili tatu, nikaacha mengine yote kama yalivyo.

Wasomaji wengine wawili, waliosikia habari hii kabla sijaichapa, wameniuliza nyumba yenyewe iko njia ipi ukipanda Buziga. Safu hii haitoi njia.

Na shemeji, naambiwa, juma lililopita aliitaka ile filamu. Waliitazama sebuleni, yeye na binti. Mwanzo wa Kampala waliutazama wote, na mwisho, pale mzee Jay anaporudi, waliutazama mara mbili. Ya katikati binti aliyarusha mbele upesi upesi, na baba akajifanya anatafuta miwani.