Darasa la Mama: Ndani ya kamio, chini tutandike nini?



Sisi wa Kirumba tunaijua barabara. Mwenye kupeleka maharagi Butembo anapita Kaseghe, Alimbongo, Lubero na Musienene, na wakati wa mvua hakuna anayeweza kuapa kwamba atafika siku hiyo hiyo. Kamio ikikwama ndani ya matope, tunalala humo humo pamoja na watoto na mizigo. Usiku huo kamio inakuwa nyumba, na nyumba hiyo ina sakafu ya chuma.

Wengi wetu tulijifunza hayo kwa uchungu mwezi wa sita 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na kisha kwetu. Tulibeba blanketi, sufuria na karatasi za shule za watoto. Wachache tu walifikiri kitu cha kutandika chini. Tulimfunika mtoto blanketi mbili juu, na asubuhi bado alikuwa anatetemeka. Sababu yake tunaifundisha hata darasani: chuma kinavuta joto la mwili haraka sana. Tena blanketi tunayoilalia inabanwa na uzito wetu, hewa inatoka ndani yake, na ni hewa hiyo inayotunza joto. Kwa hiyo baridi ya Alimbongo haituingii kwa upepo tu. Inatuingia toka chini.

Wiki iliyopita kikundi chetu kilikaa ili kununua kitandiko kimoja cha wote kwa pesa ya sanduku letu. Maneno yalikuwa mengi. Mmoja alitaka shitingi kwa sababu ni bei nafuu. Mwingine alitaka godoro la sponji kwa ajili ya watoto. Mama mkubwa wetu akasema mukeka wa bibi zetu unatosha. Basi tulifanya kama tunavyofanya na wanafunzi: tulijaribu.

Tulichukua bati la zamani, tukaliinamisha juu ya matofali, tukalimwagia maji. Tukaweka kipande cha shitingi, na juu yake beseni yenye mawe. Iliteleza mara moja. Tukaweka gunia la katani, lile la kahawa. Beseni ilisogea polepole. Tukaweka kipande cha mpira mzito, beseni haikutikisika. Hapo tulitazamana. Mwaka jana tulitandika shitingi peke yake, kamio ikashuka kilima, magunia yakateleza mpaka mbele na kumbana mama mwenzetu mguu. Mungu alisaidia, mguu haukuvunjika. Siku ile tulimlaumu dereva. Kumbe na sisi tulitandika vibaya.

Haya ndiyo tuliyokubaliana:

Mpira. Ndio unaoshika sakafu. Chagua mzito, unaolala sawasawa bila kujikunja pembeni, kwa sababu pembe iliyoinuka inaangusha watu. Uanike kwenye jua na kuunusa. Ukinuka mafuta ya gari, uache. Usizibe matundu ambayo maji yanatokea. Na baada ya safari utolewe na kukaushwa, kwani maji yanayobaki chini yake yanaleta kutu, na mwenye kamio hatatupa nafasi tena.

Mukeka. Una hewa ndani yake, kwa hiyo unapunguza baridi. Lakini unakunywa maji na kuoza. Mahali pake ni juu ya mpira, si juu ya chuma chenye maji.

Shitingi. Kazi yake ni juu, kuzuia mvua. Ikiwekwa chini inateleza, tena jasho na unyevu vinabaki juu yake mpaka mtoto anaamka amelowa. Kama huna kingine, tanguliza magunia ya katani, kisha shitingi, kisha mukeka.

Godoro la sponji. Mtoto analipenda, lakini mvua ikiingia halikauki upesi. Na linashika moto haraka, moshi wake ni sumu. Mama wenzetu, tusiwashe mbabula ndani ya kamio iliyofunikwa, hata kama makaa hayatoi moshi. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini, bila harufu, bila kelele.

Magunia ya zamani. Gunia lililobeba dawa ya shamba au mbolea lisiguse mwili wa mtoto wala chakula. La simenti vilevile: vumbi lake likilowa linachoma ngozi. Tusiseme “tutalifua”.

Na maharagi yetu je? Tunaweka mpira, juu yake miti miembamba, halafu magunia, ili maji yapite chini na hewa ipite katikati. Maharagi yakilowa yanachipuka au yanaota ukungu. Mnunuzi wa Butembo anatia mkono ndani ya gunia, ananusa, na kazi ya msimu mzima inashuka bei pale pale.

Mpira ulikuwa bei kali kuliko shitingi, na mama wawili walinung’unika. Tuliwauliza swali moja: nani atalala juu yake? Walipofikiri watoto wao, walinyamaza. Tuliununua. Mama mmoja anautunza nyumbani kwake, na kila anayesafiri anauandikisha katika daftari na kulipa kidogo kwa sanduku. Mjane asiye na kitu anautumia bure. Hilo nalo tuliliandika, ili lisisahauliwe wakati pesa zitakapoanza kuonekana.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii: kila kikundi kichukue bati, maji na beseni, kijaribu kile kinachotandika leo. Waiteni na watoto waangalie. Ni somo zuri. Halafu kila mama atazame ule mzigo anaouweka karibu na mlango kwa siku mbaya. Kama ndani yake kuna vya kujifunika tu, aongeze mukeka mmoja.

Tuonane wiki ijayo.